Nafasi Tupu Chini ya Kifuniko: Historia ya Kufungua na Kuongezea Uwezo Kompyuta Mpakato ya Michezo ya Bei Nafuu, kwa Mtazamo wa Milola na Pwani ya Lindi

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata sera: mashine iliingia lini, ilizuiwa lini, iliruhusiwa lini, na Serikali ilitunga miongozo gani. Mkabala huo una faida zake, lakini unaacha swali moja bila jibu. Mashine inapokwisha kumfikia mtumiaji, nani ana uwezo wa kuifungua, kuitengeneza na kuiongezea nguvu? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kutumia kifaa mahususi, yaani kompyuta mpakato ya michezo ya bei nafuu, na kwa kulitazama kutoka Milola, kata ya wakulima iliyoko upande wa bara wa mji wa Lindi.

Uteuzi wa kifaa hiki unaweza kushangaza, kwa kuwa neno michezo huashiria anasa. Hata hivyo, kompyuta ya namna hii hununuliwa pia na mhariri wa video za harusi, mtayarishaji wa muziki, mwanafunzi wa uhandisi na mchoraji wa ramani za nyumba, kwa sababu ni kompyuta mpakato ya bei ya chini yenye prosesa ya picha inayojitegemea. Hoja kuu ya insha ni kwamba nafasi tupu zilizoachwa na mtengenezaji ndani ya mashine hii zinalingana na uchumi wa msimu wa wakulima wa korosho na ufuta, na kwamba uwezo wa kuzitumia umerithiwa kutoka katika ufundi wa redio. Pale nafasi hizo zinapozibwa kiwandani, mwananchi hurudishwa kwenye utegemezi ambao Serikali yenyewe iliwahi kuuonja.

2.0 Mashine isiyofunguliwa na mwenyewe, 1965 hadi miaka ya 1990

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyotoka Uingereza. Mwishoni mwa muongo huo Serikali ilijaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta, na jaribio hilo likashindwa kwa gharama kubwa. Sababu mojawapo ilikuwa uhaba wa wataalamu wazalendo: mashine ilinunuliwa nje, ikaendeshwa kwa kutegemea wageni, na ilipokwama hapakuwa na watu wa kutosha wa nyumbani wa kueleza imekwama wapi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Taasisi iliyohitaji mashine ililazimika kuomba kibali maalumu. Masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua, hadi marufuku ikaondolewa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990.

Marufuku hiyo imehukumiwa na wengi kuwa ni woga wa maendeleo. Hukumu hiyo haitoshi. Nchi iliyokuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na iliyokwisha kupata hasara kwa kununua kitu isichoweza kukitengeneza, ilikuwa na sababu ya kusita. Kasoro ya uamuzi huo ilikuwa kwingine: ulizuia mashine na papo hapo ukazuia nafasi ya kujifunza kuifungua. Kwa takribani miaka 20 vijana wa Tanzania Bara wenye mkono wa ufundi hawakuwa na kompyuta za kuchokonoa, wala televisheni, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973.

Kwa pwani ya kusini, mwaka huo wa 1974 una maana nyingine. Ndio mwaka ambao gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha Kilwa. Gesi hiyo ilianza kutumika kibiashara mwaka 2004, ikasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kwa hiyo nishati ilitoka kusini kwenda mjini, na mashine zitumiazo nishati hiyo zilikuwa na safari ndefu ya kurudi kusini.

3.0 Redio na chimbuko la mkono wa fundi

Chombo cha elektroniki kilichofika vijijini katika kipindi hicho kilikuwa redio. Philips ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha redio Arusha, na Matsushita ilizalisha redio na betri Dar es Salaam. Serikali iliitegemea redio katika elimu ya watu wazima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, ilifikia watu wapatao milioni mbili, na miaka miwili baadaye ikafuatiwa na Chakula ni Uhai. Mkoa wa Lindi, uliotengwa na Mtwara mwaka 1971, ulikuwa katika eneo lililotangulia katika uundaji wa vijiji vya ujamaa; mpango wa kuwakusanya watu vijijini na mpango wa kuwafundisha kwa redio viliendana.

Kikundi kisichokuwa na redio nzima hakikuwa na darasa. Kwa sababu hiyo fundi redio alikuwa mtu wa lazima. Zana zake zilikuwa bisibisi, jiko au pasi ya kulehemu, kipande cha risasi na redio mbovu moja au mbili za kung’olewa spea. Kutokana na kazi hiyo zilijengeka kanuni tatu ambazo zingali zinatumika kwenye meza za mafundi wa kompyuta. Ya kwanza ni kwamba kifaa kibovu ni ghala la spea na hakitupwi. Ya pili ni kwamba umeme huondolewa kabla ya mkono kuingia. Ya tatu ni kwamba kilichofunguliwa hupangwa mezani kwa mfuatano, ili kurudisha kufuate njia ya kutoa. Fundi aliyezishika kanuni hizi alikuwa ameandaliwa kwa kompyuta kabla hajaiona.

Urithi huu ulikuwa pia na udhaifu. Ulipokezwa kwa kuangalia na kushika, kwa nadra ukaandikwa, na fundi alipohama au kufariki sehemu ya maarifa ilipotea pamoja naye. Kuanzishwa kwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994 kulilenga kuyapa mafunzo ya ufundi mfumo na cheti, na chuo cha mamlaka hiyo kipo Lindi. Hata hivyo kanuni ya kujifunza kwa kuchokonoa haikukoma. Cheti na meza ya fundi viliendelea sambamba.

4.0 Soko huria, daraja na mkongo

Njia ya kompyuta kufika Lindi ilifunguliwa kwa mambo matatu. La kwanza ni biashara. Kuanzia mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baada ya marufuku kuondoka, mashine mpya na zilizotumika zikaanza kuja kwa wingi, nyingi zikipitia Dubai hadi Kariakoo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliweka kompyuta katika kundi lisilotozwa ushuru wa forodha. La pili ni barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alitegemea kivuko, na mvua za masika ziliweza kuukata mkoa na Dar es Salaam. Lindi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam. Daraja na lami ndivyo vilivyofanya kifurushi kidogo cha spea kiweze kusafiri kwa basi na kupokewa siku hiyohiyo.

La tatu ni mawasiliano. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Matokeo yake kwa ufundi yalikuwa makubwa. Maelezo ya kufungua toleo fulani la mashine, ambayo zamani yalikuwa katika kitabu cha kiwanda, sasa hutazamwa kwa video kwenye simu. Umeme vijijini nao ulipata chombo chake: Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulianza kazi mwaka 2007. Bila umeme wa uhakika kompyuta ya michezo ni mzigo, kwa kuwa adapta yake hudai wati nyingi na betri yake haimudu kazi nzito kwa muda mrefu.

5.0 Kompyuta ya michezo ya bei nafuu na nafasi zake tupu

Kati ya mwaka 2017 na 2020 watengenezaji walijenga tabaka jipya sokoni. Acer ilitoa Nitro 5, ASUS ikatoa kundi la TUF Gaming, HP ikatoa Pavilion Gaming na Lenovo ikatoa IdeaPad Gaming. Prosesa ya picha iliyotawala tabaka hili ilikuwa GTX 1050 ya mwaka 2017, kisha GTX 1650 ya mwaka 2019. Ili bei ishuke, mtengenezaji alipunguza vitu vinavyoweza kuongezwa baadaye. Matoleo mengi yaliuzwa na kipande kimoja cha kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, chenye gigabaiti 8, na tundu la pili likaachwa wazi. Mengine yaliuzwa na diski ya kuzunguka peke yake huku nafasi ya diski isiyozunguka, ijulikanayo madukani kwa herufi SSD, ikiwa tupu. Mengine yakawa na SSD ndogo ya gigabaiti 256 na chumba kitupu cha diski ya inchi 2.5.

Upungufu huo una athari inayopimika. Ramu ya kizazi cha DDR4 yenye kasi ya 2666, ikiwa kipande kimoja, hupitisha takribani gigabaiti 21 kwa sekunde. Vikiwa vipande viwili vinavyofanana, njia huwa mbili na uwezo huo huongezeka maradufu. Diski ya kuzunguka husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya kiunganishi cha SATA hufikia takribani 550, na ile ya kiunganishi cha NVMe inaweza kupita 3,000. Kwa hiyo mashine iliyonunuliwa ikiwa nzito inaweza kugeuzwa kwa kuongezwa vitu viwili, bila kugusa prosesa.

Mpaka nao ni muhimu kutajwa. Prosesa na prosesa ya picha za kompyuta hizi zimelehemiwa kwenye ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi. Haziwezi kubadilishwa kama ramu. Anayeahidi kwamba mashine yenye GTX 1050 itageuzwa kuwa ya daraja la juu anamdanganya mnunuzi. Kinachoongezwa ni kumbukumbu, hifadhi na upoaji. Kiini hubaki kilivyonunuliwa.

6.0 Kazi ya kufungua

Kazi yenyewe inathibitisha undugu wake na ufundi wa redio. Mashine huzimwa kabisa, adapta huchomolewa, na skrubu za kifuniko cha chini hutolewa na kupangwa kwa umbo la mashine, kwa kuwa zina urefu tofauti na skrubu ndefu ikirudishwa penye fupi huweza kupasua kifuniko au kugusa ubao. Kifuniko hubanduliwa kwa kipande chembamba cha plastiki, kama kadi ya zamani, kuanzia pembeni. Bisibisi bapa huacha kovu na huvunja vikucha. Jambo la kwanza baada ya kufungua ni kuchomoa waya wa betri kutoka kwenye ubao, kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Fundi hugusa chuma ili kuondoa umeme tuli mwilini mwake. Betri iliyovimba haitobolewi wala kukandamizwa. Hutolewa kwa uangalifu na kutengwa.

Ramu huingizwa kwa kulazwa, katika mwinamo wa takribani digrii 30, kisha husukumwa chini hadi vibanio vya pembeni vilie. Kizazi kimoja hakikubali nafasi ya kingine: kipande cha mpakato cha DDR3 kina pini 204 na cha DDR4 kina pini 260, na pengo lake limewekwa mahali tofauti. Kipande kinachokataa kuingia hakilazimishwi. SSD nayo huingizwa kwa mwinamo na kufungwa kwa skrubu moja ndogo, baada ya kuhakikisha kama tundu ni la SATA au NVMe, kwa kuwa kwa macho hufanana.

Katika pwani ya Lindi, sehemu inayopuuzwa zaidi ni upoaji. Hewa ina unyevu na chumvi, na barabara za ndani zina vumbi. Vumbi hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba, joto hupanda, na mashine hujipunguzia kasi ili isiungue. Mwenye nayo hudhani imezeeka. Fundi huishika feni isizunguke anapoipuliza, hufuta pesti iliyokauka juu ya prosesa na kupaka nyingine kidogo. Kazi hii inaweza kurudisha nguvu iliyopotea bila spea yoyote kununuliwa, na ndiyo inayomtofautisha fundi mkweli na muuzaji wa spea.

7.0 Msimu wa mauzo na ununuzi kwa awamu

Milola, kama maeneo mengi ya Lindi, hupata fedha kwa msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka na korosho mwishoni mwake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008, mkulima hukabidhi mazao kwa chama cha msingi, yakauzwa kwa mnada chini ya chama kikuu, ambacho kwa upande huu wa mkoa ni Lindi Mwambao, kisha akalipwa. Kipato hiki huja kwa mkupuo na kwa umbali wa miezi. Mshahara wa kila mwezi, ambao ndio msingi wa mikopo ya vifaa mjini, haupo kwa wengi.

Familia za Kitanzania zina jibu la zamani kwa kipato cha namna hii: hujenga kwa awamu. Tofali hufyatuliwa mwaka huu, msingi huchimbwa mwaka ujao, bati husubiri mnada mwingine. Kompyuta ya michezo ya bei nafuu inakubali mantiki hiyohiyo. Mashine inaweza kununuliwa kwa fedha za korosho ikiwa na ramu moja. Ufuta ukiuzwa, tundu la pili likajazwa. Msimu unaofuata ukaleta SSD. Nafasi tupu iliyo chini ya kifuniko ni sawa na nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya paa la ghorofa ya kwanza: ni ahadi kwamba kazi itaendelea. Mashine nyembamba iliyozibwa haina ahadi hiyo. Humtaka mnunuzi alipe uwezo wote siku ya kwanza, au akubali upungufu kwa maisha yote ya kifaa.

Hatari yake iko wazi pia. Spea bandia zipo, na SSD yenye lebo ya uwongo inaweza kufuta kazi za mwaka mzima. Mkono usiojua unaweza kuunguza ubao mama ambao bei yake inakaribia ya kompyuta nzima, na hapo kinachopotea ni mazao ya msimu. Hivyo maarifa ya kufungua si jambo la kujifurahisha katika mazingira haya. Ni sehemu ya hifadhi ya mali ya kaya.

8.0 Kuzibwa kwa mashine

Mwelekeo wa viwanda unapingana na ujenzi wa awamu. MacBook Pro ya mwaka 2012 yenye skrini ya Retina ililehemiwa ramu kwenye ubao, na kompyuta nyingi nyembamba zikafuata njia hiyo. Sababu zinazotolewa ni wembamba, uzito na kasi, na zina ukweli ndani yake. Gharama yake hubebwa na aliye mbali. Mkazi wa jiji lenye kituo cha huduma hupeleka mashine na kurudi nayo; kwa mkazi wa Milola, kuharibika kwa kipande kimoja kilicholehemiwa ni kuharibika kwa mashine nzima.

Kwingineko sheria zimeanza kujibu. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliandikia kampuni sita mwezi Aprili 2018 kuzionya kuhusu kufuta dhamana kwa sababu tu ya muhuri uliobanduliwa au spea ya mtengenezaji mwingine kutumika. Umoja wa Ulaya ulipitisha Juni 2024 agizo la kuhimiza matengenezo ya bidhaa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji dhidi ya udanganyifu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayogusa taka. Sheria hizi zinamtazama mwananchi kama mnunuzi na kama mtupaji. Kati ya kununua na kutupa kuna miaka ya kutengeneza na kuongeza, na miaka hiyo ndiyo inayobebwa na fundi.

9.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa swali la nani anaweza kuifungua mashine linaunganisha vipindi ambavyo kwa kawaida hutenganishwa. Wizara ya Fedha ya miaka ya 1960 ilikuwa na fedha za kununua kompyuta na haikuwa na watu wa kutosha wa kuimiliki kwa maarifa. Fundi redio wa vijiji vya ujamaa hakuwa na fedha, lakini alikimiliki chombo chake hadi waya wa mwisho. Kijana wa Milola mwenye kompyuta ya michezo ya bei nafuu anasimama kati ya hao wawili: chombo kimetoka mbali kama kile cha Wizara, nacho kinafunguka kama redio ya fundi.

Hali hiyo haina uhakika wa kudumu. Inategemea mtengenezaji kuendelea kuacha matundu wazi, basi kuendelea kuleta spea halisi, na chuo na meza ya fundi kuendelea kufundisha. Tafiti zijazo zinapaswa kukusanya kwa mapana historia simulizi za mafundi wa Lindi, Kilwa na Nachingwea wangali hai, kwa kuwa maarifa yao yamo mikononi na bado hayajaandikwa. Ununuzi wa kompyuta kwa ajili ya shule na ofisi za umma vijijini nao unapaswa kuweka, pamoja na bei na kasi, sharti ambalo halikuwekwa mwaka 1965: kwamba mashine iweze kufunguliwa na mtu wa mahali ilipo.